Siku Salome Alipochelewa Kuleta Kibali

Hakuna kitu ambacho kingeweza kunishangaza. Niliwaambia watu hivyo kwa miaka ishirini na saba, na nilikuwa na haki ya kusema, kwa sababu anayehamisha watu nyumba huona yaliyo nyuma ya kabati. Nimeshusha piano nne kwa siku moja hapo Saint-Josse, mtaa wa Brussels, mvua inanyesha, na hakuna hata moja iliyopoteza sauti. Nimehamisha afisa mmoja wa ubalozi aliyekuwa na viatu vingi kuliko duka, na mjane wa Laeken mwenye kasuku aliyetukana Kiflemi kwenye ngazi zote. Nimekuta jino la dhahabu chini ya zulia, nikalirudisha. Nimekuta jokofu limejaa barua za mapenzi. Kwa hiyo ninyi vijana mnaoanza kazi hii, mnaovaa glavu mpya na kujipiga picha mbele ya lori, nisikilizeni. Aliyekutangulia kwenye ngazi ndiye anayejua ni kidato gani kinacholegea.

Mimi niliishia darasa la saba, Kigoma. Nilifika Brussels nikiwa na begi moja na koti la mtu. Nikamaliza nikiwa na malori matatu na jina langu ubavuni kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa ng'ambo ya mfereji. Sikufundishwa na chuo. Sasa uti wa mgongo umenisaliti, daktari amenikataza kubeba hata kreti ya bia, na nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na mitano. Lakini nipe kabati nilitazame tu, nitakuambia kilo zake, na kama mwenyewe amesahau vyombo ndani.

Kwanza shikeni haya. Panda ngazi mara moja mikono mitupu kabla hujagusa kitu. Hesabu vidato, angalia kona, sikiliza mbao. Nyumba za mji huu ni nyembamba kama mtu aliyefunga mkanda, na ngazi zake zinapinda kama zinakukimbia. Ndiyo maana tunatumia ile ngazi ya injini yenye jukwaa, élévateur, tunaiegemeza nje na kupitisha vitu dirishani. Na hiyo inataka nafasi barabarani, kwa hiyo lazima uende commune, ofisi ya manispaa, siku kadhaa kabla, ukaombe kibali cha kuzuia magari yasiegeshwe pale. Bila kibali, utafika asubuhi ukute gari la mtu limelala mahali pako, na mwenyewe yuko Ostend ufukweni anakula kamba.

Na droo. Droo haifunguliwi. Unaifunga kwa plastiki kama ilivyo, unabeba. Kilicho ndani ni cha mwenyewe.

Hilo nilifundishwa na Mzee Gaston, Mbelgiji aliyenipa kazi ya kwanza, mtu mfupi mwenye shingo kama ya fahali. Alikuwa na sheria moja kubwa: mteja huandika orodha ya vitu vyake, anasaini, na orodha hiyo ndiyo bosi. Sikumwelewa. Mwaka wangu wa pili tulimhamisha bibi mmoja kwenda nyumba ya wazee. Kwenye orodha yake kulikuwa na kiti kimoja cha mbao, kibovu, mguu umefungwa waya. Mtoto wake wa kiume, amevaa suti, akaniambia kiti hicho kitupwe, mama hatajua. Mimi nikaona huyu ndiye mwenye sauti, ndiye anayelipa. Nikakitupa. Tulipomaliza kupanga chumba kipya, bibi hakutaka kuketi. Alisimama katikati ya chumba ameshika mkoba wake, anatazama mlango. Gaston alimuuliza anasubiri nini. Akasema anasubiri kiti chake, kiko njiani.

Gaston alinipeleka jalalani nikakitafute. Nilitafuta hadi wakafunga lango. Sikukipata. Kwenye gari hakunifokea, alisema tu kwamba wenye sauti ni wengi, mwenye kitu ni mmoja. Tangu siku hiyo nimegombana na watoto wa wateja, wakwe, hata mawakili. Nilikuwa nikiwapiga orodha usoni: mwenye kitu ndiye anayesema. Wafanyakazi wangu walikuwa wakiniigiza nikigeuka mgongo. Najua. Nilikuwa nawasikia.

Sasa nifike kwa Salome.

Salome ni binti yangu wa pekee. Mama yake ni mtu wa Lubumbashi, kwa hiyo mtoto alikuwa na Kiswahili cha aina mbili na Kifaransa cha kuuzia. Kuanzia miaka kumi na saba, shule zikifungwa, aliendesha élévateur. Wanaume wangu walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili walinyamaza, kwa sababu alipandisha mashine ya kufulia hadi ghorofa ya nne na kuituliza kwenye dirisha kama mtu anayeweka yai. Na barua zangu zote, bei kwa wateja, majibu kwa commune, aliandika yeye. Mimi nilisema, yeye aliandika, halafu alinisomea na kuongeza adabu ambayo sikuisema. "Baba, huwezi kumwambia mteja kwamba kabati lake ni jeneza." Lakini lilikuwa jeneza.

Alikuwa na miaka kumi na tisa siku niliyomtuma commune kuchukua kibali cha kazi ya Jumanne. Ni shughuli ya dakika ishirini. Alirudi baada ya saa moja na nusu. Nilikuwa na watu watano wamekaa juu ya mablanketi wanamngoja kwa kazi ya siku ile, wanakula muda wangu, na nilimfokea mbele yao wote. Nilimuuliza kama kibali amekichonga mwenyewe. Akaniambia foleni ilikuwa ndefu na kulikuwa na karatasi nyingine za kujaza. Nikamwambia nimemtuma karatasi moja, hizo nyingine ni za nani? Akacheka, akapanda kwenye lori. "Zangu, patron," alisema. Alikuwa akiniita patron, yaani bosi, akitaka kunichokoza.

Nilimkata ile saa aliyochelewa kwenye mshahara wake. Ndiyo, nilimkata mwanangu. Nilijisifu kwa hilo kanisani, kwamba kwangu hakuna cha mtoto wa bosi.

Miaka mitano baadaye, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, alianguka kwenye ngazi za metro pale Schuman akienda kazini. Alikuwa amepata kazi ofisini, kwenye majengo yale ya vioo. Mshipa ulipasuka kichwani. Alikuwa na miaka ishirini na minne na hajawahi kulazwa hata siku moja.

Kesho yake mchana walituita kwenye chumba kidogo chenye sofa. Nikaliona lile sofa nikajua. Hakuna mtu anayenunua sofa la namna ile kwa ajili ya habari njema. Daktari alieleza taratibu, mara mbili, bila kutazama saa. Kichwa kimekufa. Wamepima, wamerudia, madaktari tofauti. Mashine ndiyo inayopumua, na ikizimwa moyo utasimama. Nilimuuliza maswali ya kijinga. Nilimuuliza mbona ana joto. Alijibu hilo pia.

Halafu akaingia mama mmoja, mratibu wa mambo ya viungo, nywele nyeupe, sauti ya chini. Alisema nchi hii sheria inamhesabu kila mtu kuwa amekubali kutoa viungo vya mwili wake wapewe wagonjwa akifa, asipokataa. Lakini Salome hakuachia sheria imsemee. Alikwenda mwenyewe commune akajaza fomu kwamba anataka. Akatuonyesha, na tarehe ilikuwepo. Akasema kisheria neno ni la Salome, ila hakuna daktari pale ambaye angependa kupita juu ya baba yake.

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti iliyofika korido. Mtoto wangu anarudi Kigoma kama alivyozaliwa, mzima. Nilishaamua pale pale kwenye sofa kwamba nitamsafirisha kwa jeneza bora, nitakodi mahema, nitalisha mtaa mzima, watu watajua nimemzika nani. Nilikuwa mtu wa kusafirisha vitu bila mkwaruzo. Nitampelekaje wa kwangu amepungua?

Nikatoka nje nikampigia kaka yangu mkubwa, Elias, ambaye ndiye msimamizi wa makaburi ya ukoo wetu Kigoma. Nilitaka aniunge mkono na aliniunga. Aliunga kupita kiasi. "Ukimleta amepungua, usimlete," alisema. "Hapa sitachimba." Akakata simu.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amekaa pale pale, ameshika kiatu cha Salome, kimoja, sijui kingine kilibaki wapi. Mke wangu hapendi maneno mengi. Katika ndoa mwenye maneno ni mimi.

"Papa Salome," alisema, "kila siku unasemaka: mwenye kitu njo anasemaka. Ulipiganaka na batoto ya bantu juu ya kile kiti. Leo mutoto amesaini, na weye njo unataka kumufungulia tiroir?"

Kwao njo ni ndiye, na tiroir ni droo. Vijana, nimewahi kuangukiwa na kabati la mwaloni kifuani. Halikunifika kama neno hilo.

Nilisema naenda nyumbani kuchukua pasipoti yake, kwa kuwa ingehitajika kwa vyovyote. Pasipoti zilikuwa kwenye rafu ya ofisi yangu, karibu na mafaili. Na mimi, pamoja na darasa langu la saba, sijawahi kutupa karatasi ya kazi. Vibali vyote vimo, mwaka kwa mwaka. Ile tarehe ya kwenye fomu ilikuwa inanizunguka kichwani kama wimbo wa tangazo. Nikavuta faili la mwaka ule. Kibali cha kazi ya Jumanne, mtaa fulani Saint-Josse, mita kumi na tano za barabara, muhuri wa commune. Tarehe ile ile.

Nilikaa chini sakafuni. Ndiyo hizo karatasi nyingine. Mtoto alisimama kwenye foleni yangu, akaona fomu imewekwa pale mezani, akaisoma, akafikiri, akasaini, halafu akaja akafokewa mbele ya watu watano, na hakusema alikuwa anafanya nini. Mimi ambaye hakuna kinachonishangaza. Alifanya jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake ndani ya saa zangu za kazi, na mimi nikamkata.

Nilirudi hospitali kwa miguu, ni mbali, nilitaka iwe mbali. Nilimwambia yule mama mwenye nywele nyeupe kwamba orodha imesainiwa na sisi tunafuata orodha. Alifikiri nimechanganyikiwa. Mke wangu akamtafsiria.

Walituruhusu kukaa naye mpaka wakati ulipofika. Nilitembea kando ya kitanda mpaka kwenye milango ya chumba cha upasuaji, na niwaambieni mimi ni mkaguzi wa ubebaji: wale vijana wa kitanda walikata kona bila kugusa ukuta. Mmoja alitangulia kufungua mlango, mwingine alishika magurudumu ya mbele. Hawakumtikisa. Niliwapa shikamoo moyoni.

Sasa kaka Elias. Nilimpigia tena, nikamwambia ninakuja naye, achimbe asichimbe, koleo ninazo mwenyewe. Akakata tena simu. Tulifika Kigoma bila kujua tutazika wapi, na kwa mtu aliyepanga safari za wengine maisha yake yote, hiyo ilikuwa aibu ambayo siwatakii. Kwetu wanawake wa ukoo ndio wanaomwosha na kumvika marehemu. Dada yangu Yunis, shangazi yake Salome, aliingia na wenzake wawili wakafunga mlango. Elias alikaa nje kwenye kiti cha plastiki, amekunja mikono, anangoja ushahidi. Nami nilikaa upande wa pili. Waombolezaji walikuwa katikati yetu, wanajifanya hawaoni.

Yunis alitoka baada ya muda mrefu, mikono bado imelowa. Alikwenda moja kwa moja kwa Elias.

"Ana mshono mmoja," alisema. "Wewe ulipotolewa ngiri walikushona vibaya kuliko hivi, na hatukukukataa. Mtoto mzima, mzuri, amelala. Inuka ukachimbe, mwanaume."

Kuna mtu alicheka, kisha wengi wakacheka, wale waliokuwa wanalia nao wakacheka. Elias aliinuka. Alichimba mwenyewe, na ana miaka sitini na nane. Nilipotaka kumpokea koleo alinisukuma, akasema mgongo wangu si mgongo tena, nisije nikaingia mimi kwanza.

Nikarudi Brussels. Na hapa maneno yakaanza. Kwa kinyozi, kwenye harusi, nje ya kanisa. Walisema nimemuuza mtoto. Walisema ndiyo maana nimestaafu mapema, wazungu wamenipa fungu. Mmoja alinijia kabisa, kijana mwenye adabu zake, akaniuliza bei kwa sauti ya siri, "Tonton, bon, walikupa combien?" Zamani ningemshika shati. Nilimwambia nitamjibu nikipata hesabu kamili.

Ilipita karibu mwaka. Mratibu akanipigia, akasema kuna barua, haina jina, ndivyo utaratibu ulivyo, huwezi kujua ni nani na yeye hawezi kukujua. Je, tungependa kuipokea? Mke wangu alisema ndiyo kabla sijasikia swali vizuri.

Ilikuwa ukurasa mmoja, maandishi ya mkono yanayopanda kulia. Aliyeandika alipewa mapafu. Sijui ni mwanamume au mwanamke. Alisema anakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Kwa miaka minne alishuka kwenda hospitali tu, na kupanda alipandishwa. Majirani walimletea maji ya kunywa. Sasa, akasema, juzi nimenunua kreti ya chupa sita, nikaipandisha mwenyewe, nikapumzika mara moja tu, na nilipofika juu nilicheka peke yangu nikiwa nimesimama mlangoni. Akasema hajui amwambie nani jambo dogo namna hiyo.

Jambo dogo! Alikuwa amempata mtu sahihi. Katika mji huu wote hakuna anayejua ghorofa ya tatu kama mimi. Ni vidato hamsini na nne, hamsini na saba kama dari iko juu. Chupa sita za lita moja na nusu ni kilo tisa. Kupumzika mara moja? Nimewahi kuajiri vijana wenye misuli waliopumzika mara tatu. Nilimsomea mke wangu kwa sauti, halafu nikaisoma tena, na nikajikuta nimesimama katikati ya sebule napiga hesabu ya vidato kwa vidole, nacheka, na machozi yanadondoka kwenye karatasi ya mtu. Salome anapanda ngazi. Pumzi zake zinabeba maji.

Tangu hapo nimekuwa kero mtaani. Nikimwona mtu yeyote na kreti ya maji namfungulia mlango, namtazama anavyopumua. Wengine wananiogopa. Mke wangu ananivuta mkono. Lakini fikirini wenyewe: mji huu una ghorofa za tatu nyingi kiasi gani? Nilizichukia kwa miaka ishirini na saba. Sasa nikipita chini ya madirisha naona huenda ni pale, au pale.

Ilinibidi nijibu, na mwandishi wangu wa barua hayupo. Watu kanisani walijitolea kuniandikia. Nikakataa. Nikanunua daftari, nikakaa jikoni asubuhi. Ya kwanza ilikuwa ya majivuno, nilianza na malori matatu. Nikaichana. Ya pili nilimfundisha namna ya kubeba kreti, mgongo wima, nguvu kwenye mapaja. Nikaichana, ingawa ile sehemu ya mapaja ni kweli. Nilichana kumi. Kila mara nilisikia, "Baba, huwezi kumwambia mtu hivyo," nikatafuta adabu ya kuongeza. Ya kumi na moja ilikuwa fupi. Niliandika kwamba aliyempa alikuwa fundi wa kupandisha vitu juu bila kuvigonga, kwamba alisaini mwenyewe, mapema, akiwa na afya na akicheka, na kwamba asione deni. Nikaongeza apumzike mara mbili, hakuna anayemhesabia.

Niliipeleka hospitali mkononi, kwa miguu. Njiani nikapitia commune, kwenye dirisha lile lile. Kijana wa pale alinitambua, akaniuliza, patron, kibali cha mtaa gani leo? Nikamwambia leo nimekuja kwa karatasi nyingine. Nikajaza fomu kama ya Salome, polepole, kwa herufi kubwa. Ilinichukua saa moja na nusu, na nilikuwa na miwani. Nyuma yangu foleni ilinung'unika. Nikawaambia wasubiri, hii ni yangu.

Basi, kwa yule kijana aliyeuliza walinipa kiasi gani, na kwa wote waliomtuma: hesabu sasa imekamilika, na risiti ninayo. Hospitali haikunidai kitu kwa jambo hili wala haikunipa kitu, na fomu ya commune ni bure. Daftari, euro mbili na senti arobaini na tano. Kalamu mbili, kwa sababu ya kwanza niliivunja, euro moja na senti tisini. Jumla euro nne na senti thelathini na tano.